Nani Kasema Imefeli?

Kuna magimba fulani ya angani ambayo vitabu vya sayansi vya kawaida, hasa vile vinavyoandikwa kwa haraka, huyaita nyota zilizofeli. Jina linaingia akilini bila kupiga hodi. Kitu kilitarajiwa kiwe nyota, hakikuwa, kwa hiyo kimefeli. Nani atabisha?

Mimi si mtaalamu wa anga. Naishi Kariakoo, na mtu wa Kariakoo hana sababu kubwa ya kutazama juu usiku. Ukitazama unaona waya za umeme, mabango, nguo zilizoanikwa ghorofa ya tano na taa za maduka. Nyota tunaziona umeme ukikatika, tena chache. Lakini jina hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, kwa sababu nalifahamu kutoka huku huku chini. Ndilo jina tunalowapa vijana wetu kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka.

Nataka kuuliza swali moja na kulifuata mpaka lichoke: tuna haki gani ya kukiita kitu, au mtu, kwa jina la kile ambacho hakikuwa?

Tuanze na kitu chenyewe, maana ukikosea kitu, mafunzo yote utakayoyachota humo yatakuwa ya uongo. Nyota huzaliwa ndani ya wingu kubwa la gesi na vumbi. Sehemu ya wingu inajivuta kwa uzito wake yenyewe, inabanana, inapata joto. Ikikusanya mata ya kutosha, kitovuni joto na mgandamizo vinafika mahali ambapo hidrojeni inaanza kuungana na kuwa heli. Hapo nyota imewaka, na itaendelea kuwaka kwa muda mrefu sana bila kuongezewa kuni na mtu yeyote. Kiwango cha kufika hapo kinajulikana: masi ya mara 75 hadi 80 hivi ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu.

Chini ya kiwango hicho hidrojeni haiwaki kwa kudumu. Gimba lenye masi inayozidi mara 13 hivi ya Mshtarii linaweza kuchoma deuteri, ile hidrojeni nzito ambayo ni adimu, lakini ni kwa muda tu, kama jiko la mkaa lililomwagiwa mafuta ya taa. Linalipuka moto, kisha basi. Baada ya hapo gimba linabaki na joto la kuzaliwa kwake, na kazi yake kwa mabilioni ya miaka ni kupoa polepole.

Shiv Kumar alionyesha kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba magimba ya namna hii yanaweza kuwepo. Mwaka 1975 Jill Tarter, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu kule Marekani, akayapa jina ambalo kwa Kiswahili tunasema vibete kahawia. Alichagua rangi hiyo wakati hakuna binadamu aliyekuwa ameliona hata moja. Mwaka huo huo, huku kwetu, lilifunguliwa soko la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli, lile lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa kupokea mvua. Watu wakauza na kununua chini ya paa lile kwa miaka 20 kamili kabla kibete kahawia cha kwanza hakijathibitishwa. Kilipatikana mwaka 1995, na cha kufurahisha ni mahali kilipopatikana: ndani ya Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wazee wetu walilipa jina kutokana na kulima, kwa kuwa liliwaambia msimu wa jembe umefika. Wazee walikuwa wakitazama upande huo karne zote hizo, na kumbe katikati ya nyota walizozijua palikuwa na jingine lisiloonekana.

Sasa tuje kwenye majina. Kibete. Kahawia. Nyota iliyofeli. Yote matatu yametoka kwa mtazamaji, na hakuna hata moja lililotoka kwa kitu. Kibete ni kwa sababu tumekilinganisha na kikubwa. Kahawia ni rangi ya kubahatisha. Jicho la binadamu likikifikia lingeona kitu kama wekundu wa giza, au zambarau. Na hilo la kufeli limetoka kwenye matarajio yetu wenyewe.

Sisi wa mtaa huu tungepaswa kuwa makini na majina ya namna hiyo, kwa sababu tunaishi ndani ya mojawapo. Kariakoo ni Kiswahili cha jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya watu hao. Hawakupewa bunduki. Walibeba risasi, unga, mahema na majeruhi, kutoka pwani mpaka bara, kwa miguu. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Nenda mjini, Mtaa wa Samora, ukaangalie Sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi. Lakini umbo lililo juu ni la askari mwenye bunduki. Mbeba mzigo amekaa kwenye maneno, mwenzake amekaa kwenye shaba.

Kwenye hesabu za jeshi, mpagazi alikuwa mtu ambaye si askari. Alipimwa kwa kitu asichokuwa nacho. Hata hivyo jeshi lile lisingetembea maili moja bila yeye.

Hapo ndipo nataka tuingie kwenye familia moja ya angani. Iko kwenye kundinyota la Mizani, umbali wa miaka ya nuru 19 hivi, jirani kabisa kwa vipimo vya huko. Inaitwa Gliese 570, kwa sababu ni namba 570 kwenye orodha ya nyota za jirani iliyoandaliwa na Mjerumani Wilhelm Gliese. Ni nyota tatu. Ya kwanza, A, ni ya rangi ya chungwa, ndogo kidogo kuliko Jua letu. Nyingine mbili, B na C, ni nyekundu na dogo zaidi. Zinazungukana kwa chini ya mwaka mmoja, na pamoja zinaizunguka ile kubwa kwa mbali. Kwa miaka mingi familia ilihesabiwa hivyo, watu watatu, picha imekamilika.

Mwaka 2000 timu ya Adam Burgasser ikatangaza wa nne. Walikuwa wanapitia picha za anga zilizopigwa kwa mwanga wa infraredi, ule ambao ngozi inauhisi kama joto lakini jicho haliuoni. Wakakuta doa hafifu, mbali na ile nyota kubwa mara 1,500 ya umbali wa Dunia na Jua. Likapewa herufi D. Lina masi ya kadiri ya mara 50 ya Mshtarii, na joto la juu yake ni kama nyuzi 500 hivi, wakati Jua letu lina zaidi ya 5,000. Wakati huo lilikuwa kibete kahawia baridi kuliko vyote vilivyojulikana.

Walijuaje ni ndugu wa wale watatu na si mpita njia? Jibu lake ni zuri mno kwangu. Nyota zote zinatembea, kila moja na mwendo wake na upande wake. Wakalinganisha mahali doa lilipokuwa na mahali zilipokuwa zile tatu, mwaka hadi mwaka. Doa lilikuwa linatembea nazo, upande ule ule, kwa mwendo ule ule. Udugu wake haukutambulika kwa mwanga wake. Ulitambulika kwa mwendo.

Je, D imefeli?

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Neno kufeli tumelichukua kwa Mwingereza pamoja na mitihani yake. Neno letu la zamani ni kushindwa, nalo ni kitenzi cha kutendwa. Anayeshindwa kashindwa na mtu, au na kitu. Kiswahili kinakudai umtaje mshindi. Ukisema fulani kafeli, sentensi imefungwa, imekaa peke yake, kosa liko ndani ya fulani. Ukisema fulani kashindwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kashindwa na nani?

Tuliulize hilo angani. Yapo maelezo kadhaa ya jinsi vibete kahawia vinavyotokea. Mojawapo linasema kwamba ndani ya wingu moja mbegu nyingi za nyota zinagombania gesi ile ile. Zilizowahi zinakuwa nzito, na uzito wao unavuta gesi zaidi. Ndogo inaweza kurushwa nje na mvutano wa wakubwa zake kabla haijala ya kutosha, na ikishatoka kwenye wingu, karamu imekwisha. Hayo si maelezo pekee, na sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa D. Maelezo mengine yanasema baadhi ya vipande vya wingu huanza vikiwa vidogo na havipati cha kuongeza. Lakini angalia, msomaji: katika maelezo yote hakuna mahali ambapo gimba lenyewe lilikuwa na uamuzi. Masi halikujichagulia. Lilipewa, au lilinyimwa.

Ili kumwambia mtu amefeli kwa haki, nadhani mambo matatu lazima yawepo. Kwanza, alikuwa amekusudia jambo hilo au amelikubali kama lake. Pili, alikuwa na nyenzo za kulifikia. Tatu, muda wake wa kulifanya umekwisha kweli. Kikikosekana kimoja, tunachokiita kufeli ni jina jingine la bahati, au la dhuluma, au la haraka zetu. D haina hata kimoja. Gesi haikusudii kuwaka.

Lakini binadamu si gesi, utasema. Sawa. Twende kwa binadamu.

Mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, alipata ziro kidato cha nne. Wenzake watatu wa tumbo moja walipita vizuri. Mkubwa wao yuko benki. Yeye yuko Mtaa wa Kongo, anabeba marobota ya mitumba kutoka kwenye gari hadi stoo za ghorofani, na jioni anamsaidia tajiri yake kuchambua mali. Kwenye shughuli za familia mgeni akiuliza habari za watoto, wanatajwa mmoja mmoja na kazi zao mpaka anapofikiwa yeye. Hapo sauti inashuka: "Na huyu mdogo, ndiyo hivyo tena. Alifeli."

Siku moja, mwezi wa sita, shangazi yake alianza kumfariji. Maneno yale yale tunayoyajua: kila mtu ana kipaji chake, mwanangu, shule siyo kila kitu, Mungu ana mipango yake. Kijana akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shikamoo tena shangazi. Lakini mimi nilifeli. Semeni tu. Ila nilifeli mwezi wa kumi na moja. Sasa hivi ni mwezi wa sita."

Watu wakacheka, pilau likaendelea. Mimi nilibaki na sentensi ile, kwa sababu alikuwa amekataa vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Alikataa uongo wa kufarijiwa, na alikataa hukumu.

Nianze na uongo wa kufarijiwa, kwa sababu pingamizi kubwa dhidi ya yote niliyosema linatoka hapo. Mtu anaweza kuniambia: wewe unataka kufuta mipaka. Unataka tujifanye hakuna tofauti kati ya aliyepita na aliyepata ziro. Pingamizi hilo ni la haki. Mpaka upo. Hidrojeni ndani ya D haiwaki, na hata tukiimba wote kwa sauti haitawaka. Mtihani nao una majibu, na mpwa wangu hakuwa nayo siku ile. Anayemwambia kijana kwamba hakuna kilichotokea anamdharau, anamfanya mtoto asiyeweza kubeba ukweli, na yule ni mtu anayebeba kilo 45 begani mpaka ghorofa ya nne.

Lakini kukubali mpaka ni jambo moja, na kumgeuza mtu kuwa mpaka ni jambo lingine. "Haikuwaka" ni taarifa, unaweza kuipima. "Imefeli" ni hukumu; inahitaji hakimu, sheria na mshtakiwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatenganisha hivyo viwili kwa lugha ya kalenda. Nilifeli ni tendo, lina tarehe. Kufanya tendo lenye tarehe liwe jina la mtu ndiko alikokataa.

Na lile sharti la pili, la nyenzo? Shule aliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati. Sitaji shule, kwa sababu unaweza kuitaja mwenyewe, ziko nyingi. Kwa hiyo nikisema alishindwa, Kiswahili changu kinanidai nimtaje mshindi, na hapo ndipo watu wazima tunapoona ni rahisi kurudi kwenye lile neno la kukopa. Kufeli kuna faida kwa anayelisema. Linatuondolea sote mzigo wa kuuliza nani aligawa gesi.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni ya kitaalamu kabisa. Ndiyo iliyonifanya niandike.

Ukikiona kibete kahawia kinang'aa mahali peke yake, huwezi kujua ni kizito kiasi gani. Mwanga pekee hausemi. Chepesi kilichozaliwa juzi kinaweza kung'aa sawasawa na kizito kilichozaliwa zamani, kwa sababu vyote vinapoa kadiri umri unavyokwenda, na kizito kinaanza na joto zaidi. Kwa ukubwa navyo havikusaidii: karibu vyote vina upana unaolingana na wa Mshtarii, kiwe na masi mara 20 au mara 60. Mtu wa Kariakoo anaelewa hili bila darubini. Weka marobota mawili chini, yamefungwa na mashine moja, upana mmoja, urefu mmoja. Moja ni la blauzi nyepesi, jingine la jinzi. Mgeni ataona marobota mawili yanayofanana. Mbebaji atajua tofauti akishainua.

Basi wataalamu wanafanyaje? Wanahitaji umri. Na umri wa kibete kahawia kilicho peke yake ni mgumu sana kuupata. Ndiyo maana D ni hazina. Imezaliwa na A, B na C katika wingu moja, kwa hiyo ukikadiria umri wa nyota kubwa, umekadiria wa D pia: kati ya miaka bilioni 2 na 5. Ukipima kemia ya nyota kubwa, umepata fununu ya kemia ya D. Kwa kujua hayo, mwanga wake hafifu unaanza kuwa na maana. Kimsingi D imekuwa kipimo cha kuwaelewa wenzake waliotawanyika angani bila ndugu. Yule wa nne, aliyekuwa hahesabiwi, ndiye wanayemtumia kama jiwe la mizani.

Wahenga walisema mtu ni watu. Mara nyingi tunaichukua methali hiyo kama wito wa kusaidiana, na ni kweli. Lakini ina maana nyingine, ya namna ya kujua. Mtu hawezi kusomeka peke yake. Cheti cha matokeo ni kipimo cha mwanga cha siku moja. Hakisemi mtu ana uzito gani mpaka ujue ana umri gani, kazaliwa kwenye wingu gani, na nani walikuwa pembeni yake wakati gesi inagawiwa.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi mbalimbali nafasi ya kutaja nyota na sayari yake. Tanzania ilipata nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71, nayo sasa inaitwa Mpingo. Sayari yake ni Tanzanite. Sijui kama waliochagua walifikiria hili, lakini mpingo ni mti wa kufaa sana kwa mjadala wetu. Unakua polepole mno. Ukiukuta ungali mchanga utaona kichaka cha miiba kisichotoa hata mbao ya kiti. Mti ule ule, ukiachiwa miongo ya kutosha, una moyo mweusi unaozama majini, ambao mafundi wa Kimakonde wanauchonga na watengeneza zumari wa Ulaya wanautafuta. Anayeupima mapema hasemi uongo kuhusu kichaka. Anasema uongo kuhusu mpingo.

Nimebakiza mfano mmoja. Mwaka ule ule wa 1995, mbali na kile cha Kilimia, lilitangazwa gimba jingine linaloizunguka nyota Gliese 229, nayo pia iko miaka ya nuru 19 hivi kutoka kwetu. Likaitwa B. Likawa maarufu, likaingia kwenye vitabu. Baadaye, walipoweza kupima masi yake kwa jinsi linavyoivuta nyota yake, kukatokea tatizo. Lilikuwa zito mno, zaidi ya mara 70 ya Mshtarii, lakini mwanga wake ulikuwa mdogo kuliko uzito huo unavyotaka. Kwa lugha ya mtaani, halikuwa linaonyesha. Lilikuwa na uzito usiolingana na mng'ao wake.

Ungeweza kusema limefeli mara mbili: limefeli kuwa nyota, na limefeli hata kuwa kibete kahawia cha kueleweka. Wataalamu hawakusema hivyo. Walishuku hesabu yao wenyewe. Na mwaka 2024 wakatangaza kwamba B si kimoja. Ni viwili, kimoja mara 38 na kingine mara 34 ya Mshtarii, vinazungukana kwa siku 12 tu, vimekaribiana kiasi kwamba kwa karibu miaka 30 dunia nzima iliviona kama kimoja.

Huo ndio uadilifu wa kutazama ninaoutaka. Ukikuta kitu kina uzito mkubwa kuliko mwanga wake, kagua kwanza namna ulivyohesabu. Kuna watu wa aina hiyo hapa hapa Kariakoo. Mama muuza chai ambaye mapato yake hayafanani na idadi ya watoto anaowasomesha. Kijana wa guta ambaye kila ijumaa anatuma hela kijijini kwa watu wanne. Mng'ao wao mdogo hauelezi uzito wanaoubeba, na mara nyingi sababu ni hiyo hiyo: ulidhani unamtazama mtu mmoja, kumbe mko mbele ya wengi.

Lakini sitaki kumaliza kwa kufanya udugu uwe dawa ya kila kitu, kwa sababu una hatari yake. D inajulikana kupitia A. Hata jina lake ni herufi ya foleni. Mpwa wangu naye anajulikana kupitia kaka yake wa benki, na kulinganishwa huko ndiko kulikomletea lile jina. Ndugu wanaweza kukusaidia usomeke, na wanaweza kukufunika usionekane. Tofauti, nadhani, iko kwenye swali unalowauliza. Ukimuuliza A, "Huyu mdogo wako mbona hang'ai kama wewe?" umemtumia ndugu kama fimbo. Ukimuuliza, "Mlizaliwa lini, na katika hali gani?" umemtumia kama shahidi. Familia nyingi zinaweza kuuliza swali la pili. Linachukua muda kidogo tu zaidi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Tuna haki ya kusema kitu hakikuwaka. Tuna haki, na wakati mwingine wajibu, wa kusema mtu ameshindwa jambo fulani siku fulani. Haki ya kuligeuza jambo hilo kuwa jina lake hatuna, kwa sababu kufanya hivyo kunahitaji tujue uzito wake, na uzito hauonekani kwa macho. Hakuna muuza nyama wa Kariakoo atakayekukadiria kilo kwa kutazama ukakubali. Utamwambia aweke kwenye mizani. Na ukiona kidole chake kiko juu ya sahani, utamwambia akiondoe.

Januari matokeo yatatoka tena. Kuna nyumba zitapiga vigelegele na kuna nyumba zitazima redio. Mtu akikwambia kwamba fulani kafeli, muulize mambo matatu tu: kafeli nini, lini, na kwenye wingu lile waliogawana naye ni akina nani. Akiyajibu yote, msikilize, huenda ana la maana. Asipojua, basi mwambie kwa upole atoe kidole.